Ahadi ni Deni: Habari za Taifa la Marekani Tangu 1776 Hata 1865

Wazee wa pwani waliijua sana nguo moja ya pamba, nzito, isiyopaushwa wala kutiwa rangi, iliyoitwa merikani. Katika karne ya kumi na tisa ilipatikana katika maduka ya Unguja na Mombasa, na wapagazi waliichukua hata Tabora na Ujiji. Huko bara ilikuwa kama fedha. Kwa mikono michache ya merikani msafiri alinunua chakula, na kwa majora kadhaa mwenye msafara alilipa hongo ili apite katika nchi ya mtemi.

Jina la nguo hii lasema ilikotoka. Mwaka wa 1833 Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa biashara na nchi ya Marekani, na mwaka wa 1837 balozi wa Kimarekani, Richard Waters, alikuja kukaa Unguja. Merikebu za mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, zilileta merikani, nazo zilirudi kwao zimejaa pembe za ndovu, sandarusi na ngozi.

Sasa fikirini jambo hili. Nguo ile ilifumwa katika viwanda vya Kaskazini ya Marekani na watu huru waliolipwa mshahara. Lakini pamba yake ilitoka Kusini ya nchi ile ile, nako ililimwa na kuchumwa na watumwa. Basi katika jora moja ilikuwamo kazi ya mtu huru na kazi ya mtumwa. Imekuwaje nchi moja kuwa na hali mbili namna hii? Tena yashangaza zaidi tukijua ya kuwa nchi hiyo ilianzishwa kwa neno la kusema ya kuwa watu wote ni sawa. Somo hili latueleza jinsi neno hilo lilivyoandikwa, jinsi lilivyovunjwa, na jinsi wale waliovunjiwa walivyolidai.

1. Makoloni kumi na matatu

Tangu mwaka wa 1607 Waingereza walihamia pwani ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini, wakachukua kidogo kidogo nchi ya wenyeji waliokaa huko tangu kale. Hata kufika katikati ya karne ya kumi na nane yalikuwapo makoloni kumi na matatu, yote chini ya mfalme wa Uingereza. Watu wa Kaskazini walikuwa na mashamba madogo, wakavua samaki, wakaunda merikebu na kufanya biashara. Watu wa Kusini walilima tumbako na mpunga katika mashamba makubwa, na kazi yake ilifanywa na Waafrika waliotekwa na kuvushwa bahari. Waafrika wa kwanza walifikishwa Virginia mwaka wa 1619. Siku hizo utumwa ulikuwa halali katika makoloni yote, lakini sehemu kubwa ya watumwa walikuwa Kusini.

Mwaka wa 1763 Uingereza ilimaliza vita virefu na Ufaransa, ikabaki na deni kubwa. Ikataka makoloni yasaidie kulilipa, ikawatoza watu kodi ya karatasi za hati, kisha kodi ya chai na vitu vingine. Wenyeji wa makoloni wakakataa. Walisema, "Sisi hatuna mjumbe hata mmoja katika Bunge la London, basi Bunge hilo litatutozaje kodi bila kutuuliza?" Ugomvi ukazidi, na mwezi wa Aprili 1775 vita vikaanza.

2. Neno lililoandikwa Philadelphia

Wajumbe wa makoloni yote walikutana katika mji wa Philadelphia. Mwaka wa 1776 waliamua kujitenga na mfalme, wakamchagua Thomas Jefferson wa Virginia, kijana wa miaka 33, awaandikie tangazo la kuueleza ulimwengu sababu zao. Tangazo hilo lilikubaliwa tarehe 4 Julai 1776.

Mambo makubwa yaliyomo ni matatu. La kwanza, ya kuwa watu wote wameumbwa sawa, na Muumba amewapa haki ambazo hakuna awezaye kuwanyang'anya, kama vile uhai na uhuru. La pili, ya kuwa serikali hupata nguvu zake kwa ridhaa ya watu wanaotawaliwa. La tatu, ya kuwa serikali ikiziharibu haki hizo, watu wana haki ya kuibadili. Katika siku zile, karibu kila nchi ilipotawaliwa na mfalme au sultani aliyerithi kiti cha baba yake, maneno haya yalikuwa mapya na mazito.

Lakini mkono ulioyaandika ulikuwa mkono wa bwana wa watumwa. Katika maisha yake yote Jefferson aliwamiliki watu zaidi ya 600. Wala si kwamba hakujua ya kuwa utumwa ni dhuluma. Katika maandiko yake ya kwanza alitia fungu zima la kuilaumu biashara ya watumwa, na lawama yake akamtwika mfalme. Jefferson mwenyewe alieleza baadaye ya kuwa wajumbe wa South Carolina na Georgia hawakulikubali fungu hilo, na baadhi ya watu wa Kaskazini, ambao merikebu zao zilichukua watumwa, hawakulipenda pia. Basi likafutwa.

Neno kubwa la usawa likabaki, na fungu la kuilaumu biashara ya watumwa likaondolewa. Wahenga wetu husema, Ahadi ni deni. Siku ile taifa jipya lilijiandikia deni, na wengi waliotia sahihi hawakudhani ya kuwa mwenye kudai angekuja.

3. Mwanamke aliyesikia

Mmoja wa wenye kudai alikuja upesi. Katika mji wa Sheffield, jimbo la Massachusetts, alikaa tajiri aliyeitwa John Ashley. Mwaka wa 1773, kabla ya vita, wakubwa wa mji walikutana nyumbani kwake wakaandika maazimio ya kuilaumu serikali ya Uingereza, na ndani yake walisema ya kuwa watu kwa asili yao ni sawa na huru. Katika nyumba ile ile alitumika mtumwa mwanamke aliyeitwa Bett. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini alikuwa na masikio na akili. Yasimuliwa ya kuwa wakubwa walipozungumza habari za haki, yeye alikuwa akiwahudumia mezani, akayaweka maneno yao moyoni.

Waliosimulia habari zake wasema kwamba siku moja bibi wa nyumba alikasirika, akainua sepetu ya chuma iliyotoka motoni ili ampige mtumwa mwingine, msichana. Bett akaukinga mkono wake, naye akaumia vibaya. Kovu lake alikaa nalo maisha yake yote.

Ndipo alipoondoka akaenda kwa mwanasheria Theodore Sedgwick, ambaye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioandika yale maazimio ya 1773. Bett akamweleza ya kuwa amesikia katiba mpya ya jimbo, iliyotungwa mwaka wa 1780, yasema watu wote wamezaliwa huru na sawa. Akamwuliza kama sheria hiyo haimhusu yeye pia, kwani naye ni mtu. Sedgwick hakuwa na la kujibu ila kuichukua daawa yake.

Mwezi wa Agosti 1781 daawa ilisikizwa katika mji wa Great Barrington, ya Bett pamoja na mtumwa mwanamume aliyeitwa Brom. Raia waliochaguliwa kuamua wakasema ya kuwa hao wawili si watumwa, na Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30. Bett akajiita Elizabeth Freeman, na maana ya jina hilo la pili ni mtu huru. Akafanya kazi ya mshahara katika nyumba ya Sedgwick, akaishi hata mwaka wa 1829. Mwaka wa 1783 mahakama kuu ya Massachusetts iliamua vivyo hivyo katika daawa ya mtu mwingine, na watu walipohesabiwa mwaka wa 1790 hakuandikwa mtumwa hata mmoja katika jimbo lile.

4. Katiba na mapatano yake

Vita vya uhuru vilikwisha mwaka wa 1783, lakini makoloni yale, ambayo sasa yaliitwa majimbo, yaliunganishwa kwa kamba dhaifu. Baraza lao la pamoja halikuwa na nguvu ya kutoza kodi, na kila jimbo lilijifanyia mambo yake. Kwa hiyo mwaka wa 1787 wajumbe 55 walikutana tena Philadelphia, mwenyekiti wao akiwa George Washington, wakakaa tangu Mei hata Septemba kutunga katiba.

Mengi waliyoyatunga yalikuwa ya busara. Waliigawa serikali sehemu tatu: Baraza la kutunga sheria, Rais wa kuzitekeleza, na mahakama za kuamua, kila sehemu ikiizuia nyingine isizidi. Majimbo makubwa yaligombana na madogo juu ya hesabu ya wajumbe, wakapatana ya kuwa Baraza liwe na nyumba mbili. Katika Baraza la Wawakilishi kila jimbo lingepata wajumbe kwa kadiri ya watu wake. Katika Seneti kila jimbo, kubwa au dogo, lingepata wawili. Mwaka wa 1791 waliongeza vifungu kumi vya kulinda haki, kama uhuru wa dini, wa kusema, wa kupiga chapa magazeti na wa kukutana.

Lakini James Madison wa Virginia, mmoja wa wenye akili nyingi katika mkutano ule, aliwaambia wenzake ya kuwa tofauti kubwa kati ya majimbo haitokani na ukubwa wala udogo wao. Yatokana na kuwa na watumwa au kutokuwa nao. Na katika jambo hilo walipatana hivi:

Kwanza, katika kuhesabu watu ili kugawa viti vya wajumbe, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu. Watumwa hawakupata kura. Waliopata faida ni mabwana wao, kwa sababu viti vya Kusini viliongezeka.

Pili, Baraza lisikataze kuingiza watumwa kutoka nchi za nje kabla ya mwaka wa 1808.

Tatu, mtumwa akitoroka na kukimbilia jimbo jingine, arudishwe kwa bwana wake.

Pamoja na hayo yote, neno "mtumwa" halimo katika katiba ile. Waliandika kwa mafumbo tu, maana walioneana haya. Mwenye kuficha jina la jambo amekwisha kulihukumu moyoni mwake.

Kwa nini wale waliouchukia utumwa walikubali? Waliogopa ya kuwa wakikataa, South Carolina na Georgia zitajitenga. Tena wengi walitumaini ya kuwa utumwa utakufa wenyewe, na dalili zilikuwapo. Pennsylvania ilikuwa imeanza kuwafungua watumwa kwa sheria ya 1780, na hata kufika mwaka wa 1804 majimbo yote ya Kaskazini yalikuwa yametunga sheria za kuuondoa utumwa, ama mara moja ama pole pole. Mnamo 1790 mzee Benjamin Franklin, aliyetia sahihi Tangazo na Katiba pia, alitia sahihi maombi ya kulitaka Baraza liuondoe utumwa. Baraza halikufanya neno, na Franklin akafa mwaka ule ule. Watu wakasema, "Ngojeni; mambo yatajitengeneza." Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Pamba

Mwaka wa 1793 kijana mmoja wa Kaskazini, Eli Whitney, alipokuwa Georgia aliunda mashine ya kuchambua pamba. Hapo kwanza kuitenga pamba na mbegu zake kwa mikono ilikuwa taabu kubwa. Mtu mmoja alipata kiasi cha ratili moja kwa siku. Kwa mashine ya Whitney aliweza kupata ratili 50. Wakati huo huo viwanda vya kufuma vya Uingereza, na baadaye vya Massachusetts, vilitaka pamba bila kikomo.

Basi mashamba ya pamba yakaenea kuelekea magharibi, Alabama, Mississippi na Louisiana. Wenyeji wa nchi zile wakafukuzwa. Kwa sheria ya 1830 walitolewa kwa nguvu, na katika kabila moja tu, Wacherokee, watu wapata 4,000 walikufa kwa ajili ya uhamisho ule wa 1838 na 1839. Mashamba yao yakapata wakulima wengine. Kuingiza watumwa kutoka nchi za nje kulikatazwa tangu tarehe 1 Januari 1808, lakini biashara ya ndani ikazidi. Watumwa kadiri ya milioni moja walitolewa majimbo ya zamani kama Virginia wakapelekwa kwenye mashamba mapya, wengi wao wakitengwa na wazazi, au na mume, au na watoto.

Hesabu yaonyesha yaliyotokea. Mwaka wa 1790 watumwa walikuwa karibu 700,000. Mwaka wa 1860 walikuwa karibu 4,000,000. Na wakati huo thamani ya pamba ilizidi nusu ya mali yote iliyouzwa na Marekani katika nchi za nje. Wala faida haikuwa ya Kusini peke yake. Wenye viwanda, wenye merikebu na wenye fedha wa Kaskazini walipata sehemu yao, na sehemu moja ya pamba ile ndiyo iliyofika Unguja kwa jina la merikani.

Penye faida, moyo hubadilika upesi. Wazee wa 1776 walikiri ya kuwa utumwa ni uovu, ila walisema hawajui jinsi ya kuuondoa. Lakini mwaka wa 1837 John Calhoun wa South Carolina alisimama katika Seneti akasema ya kuwa utumwa ni jambo jema, kwa bwana na kwa mtumwa. Deni lililoahirishwa sasa lilikanushwa.

6. Mstari katika ramani

Taifa lilipokua, majimbo mapya yaliomba kuingia. Mwaka wa 1819 majimbo yalikuwa 22, nusu yenye watumwa na nusu yasiyo nao. Hivyo katika Seneti pande mbili zilikuwa sawa. Ndipo Missouri ilipoomba kuingia pamoja na watumwa wake. Kama ingekubaliwa, mizani ingelala upande mmoja. Baraza likagombana muda mrefu, kisha mwaka wa 1820 wakapatana: Missouri iingie na watumwa, na Maine, nchi huru ya Kaskazini, iingie pamoja nayo. Tena wakachora mstari katika ramani kuelekea magharibi, wakisema ya kuwa katika nchi zile mpya utumwa usivuke kaskazini ya mstari ule, isipokuwa Missouri yenyewe.

Jefferson alikuwa mzee wakati huo, akikaa nyumbani kwake Monticello. Alipopata habari hizi aliandika katika barua ya kuwa zimemshtua kama kengele ya moto inayolia usiku, akaona ndani yake mauti ya umoja wa taifa. Maana mstari ukichorwa kati ya watu kwa jambo kama hili, kila ugomvi huukoleza, haufutiki.

Jefferson alikufa tarehe 4 Julai 1826, miaka hamsini kamili baada ya Tangazo lake. Aliacha madeni makubwa ya fedha. Mwezi wa Januari 1827 watu 130 waliokuwa watumwa wake walitangazwa kuuzwa mnadani hapo Monticello ili madeni yalipwe. Ndivyo mwandishi wa neno la uhuru alivyokufa, na wengine wakalipa kwa miili yao.

7. Kijana aliyejifunza kusoma

Mwezi wa Agosti 1831 mtumwa aliyeitwa Nat Turner aliongoza maasi katika Virginia. Watu weupe wapata hamsini na zaidi waliuawa, na watu weusi wengi wakauawa kwa kulipiza kisasi. Kusini ikashikwa na hofu. Sheria zikazidi ukali, na katika majimbo kadhaa ikawa ni kosa kumfundisha mtumwa kusoma. Ninyi mnaoshika kitabu hiki mkononi, jiulizeni kwa nini bwana wa watumwa aliogopa alfabeti kuliko silaha.

Frederick Douglass aliweza kujibu. Alizaliwa mtumwa huko Maryland kama mwaka wa 1818. Alipokuwa mtoto alipelekwa mji wa Baltimore kutumika katika nyumba ya Hugh Auld. Bibi wa nyumba, aliyekuwa hajazoea kuwa na mtumwa, alianza kumfundisha herufi. Mumewe alipojua alimkataza, akasema ya kuwa mtumwa akijua kusoma hatafaa tena kuwa mtumwa. Mtoto aliyasikia maneno hayo, na tangu saa ile akaijua njia ya kutoka utumwani. Alipotumwa sokoni alichukua mkate wa akiba, akawapa watoto weupe maskini wa mtaani waliokuwa na njaa, nao wakamlipa kwa kumfundisha kusoma. Baadaye akajinunulia kitabu cha hotuba kwa senti 50.

Mwaka wa 1838 alitoroka kwa gari la moshi, amevaa nguo za baharia na kuchukua hati za kuazima, akafika Kaskazini. Huko walikuwako watu, weusi kwa weupe, waliopigania kuuondoa utumwa. Kati yao walikuwamo watu wa madhehebu ya Marafiki, na William Lloyd Garrison aliyeanzisha gazeti lake mjini Boston mwaka wa 1831. Douglass akawa msemaji mkuu wao.

Tarehe 5 Julai 1852, katika mji wa Rochester, aliombwa atoe hotuba ya kuadhimisha siku ya uhuru. Aliwasifu wazee wa 1776 kwa ushujaa wao. Kisha akawauliza wasikilizaji wake siku ile yamfaa nini mtumwa aliye katika minyororo. Akasema ya kuwa furaha yao ni yao, si yake. Lakini hakulikataa Tangazo, wala hakusema ni uongo. Alisema maneno yake ni ya kweli, na kwa hiyo yatimizwe. Kama Bett mbele yake, alilishika neno la bwana akalidai lote.

8. Nyumba yapasuka

Katika miaka iliyofuata mapatano yalivunjika moja baada ya moja. Mwaka wa 1850 California iliingia kuwa jimbo huru, na kwa kuiridhisha Kusini ikatungwa sheria kali ya watumwa waliotoroka, iliyowalazimisha hata watu wa Kaskazini kusaidia kuwakamata. Wengi waliokuwa wakisema utumwa ni mambo ya mbali sasa waliona watu wakifungwa pingu mbele ya milango yao.

Mwaka wa 1854 Baraza liliufuta mstari wa 1820, likasema ya kuwa walowezi wa Kansas na Nebraska waamue wenyewe kama watakuwa na watumwa. Watu wa pande mbili wakakimbilia Kansas wenye silaha, na damu ikamwagika. Mwaka huo huo kilianzishwa chama kipya, cha Republican, cha kuzuia utumwa usienee.

Mwaka wa 1857 mtumwa aliyeitwa Dred Scott, aliyedai uhuru wake kwa sababu bwana wake aliwahi kumkalisha katika nchi huru, alishindwa katika Mahakama Kuu ya taifa. Jaji Mkuu, Roger Taney, aliamua ya kuwa mtu mweusi hawezi kuwa raia wa Marekani, na ya kuwa maneno ya 1776 hayakukusudiwa kwake. Hivyo mlango aliopita Bett mwaka wa 1781 ulifungwa na mahakama iliyo kubwa kupita zote.

Mwanasheria wa Illinois, Abraham Lincoln, alilikataa neno hilo. Alisema wazee wa 1776 hawakudai ya kuwa usawa umekwisha kupatikana. Waliuweka mbele ya watu kama kipimo cha kuufikia daima. Na mwaka wa 1858, akitumia mfano wa Injili, alisema nyumba iliyogawanyika haiwezi kusimama. Taifa haliwezi kudumu nusu utumwa na nusu uhuru.

Mwezi wa Novemba 1860 Lincoln alichaguliwa kuwa Rais, bila kupata jimbo hata moja lenye watumwa wengi la Kusini. Hakuwa ameahidi kuuondoa utumwa pale ulipokuwapo, ila kuuzuia usienee. Hata hivyo South Carolina ilijitenga tarehe 20 Desemba, na mwisho majimbo kumi na moja yakawa yamejitenga. Makamu wa Rais wao, Alexander Stephens, alisema waziwazi mwezi wa Machi 1861 ya kuwa Jefferson na wenzake walikosea waliposema watu ni sawa, na serikali mpya imejengwa juu ya neno lililo kinyume. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ililipiga boma la Sumter, na vita vya wao kwa wao vikaanza.

9. Deni ladaiwa

Vita viliendelea miaka minne, na watu zaidi ya 600,000 walikufa. Tarehe 1 Januari 1863 Lincoln alitangaza ya kuwa watumwa wa sehemu zilizoasi ni huru. Watu weusi wapata 180,000 waliingia katika jeshi la Kaskazini, na wana wawili wa Douglass walikuwa miongoni mwao. Mwaka wa 1865 Kusini ilishindwa, na mwaka huo huo utumwa ukafutwa katika katiba ya nchi yote. Hapo ndipo neno "utumwa" lilipoandikwa katika katiba kwa mara ya kwanza: liliandikwa ili upigwe marufuku.

Hata Unguja vita vile vilijulikana, kwa maana pamba ilipokosekana merikani ikaadimika, na wafanya biashara wakatafuta nguo za Uingereza na za Bara Hindi. Nasi wa pwani hatuna sababu ya kuwacheka Wamarekani. Wakati huo mashamba ya karafuu ya Unguja yalilimwa na watumwa; soko la watumwa halikufungwa hata mwaka wa 1873, na hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa na sheria ya Unguja hata mwaka wa 1897.

Tena huko Marekani deni halikulipwa lote mwaka wa 1865. Watu weusi walipewa haki ya kura katika katiba mwaka wa 1870, lakini Kusini waliizuia kwa hila na kwa vitisho, hata ilipotungwa sheria ya kuilinda mwaka wa 1965. Kila mara waliodai waliwaonyesha wakubwa maandiko yao wenyewe.

Basi tukumbuke mambo mawili. Neno jema lililoandikwa na mtu asiyelitimiza halikuwa bure, kwa sababu waliodhulumiwa waliweza kulishika na kudai. Lakini neno halikujitimiza lenyewe. Kila mwaka lilipoahirishwa gharama yake ilizidi, na waliolipa si wale walioahirisha, ila wana na wajukuu wao.

Maswali

1. Merikani ni nguo gani, na ilitengenezwa kwa kazi ya watu wa namna gani?
2. Taja mambo matatu makubwa yaliyomo katika Tangazo la 1776.
3. Ni fungu gani lililofutwa, na kwa sababu gani?
4. Bett hakujua kusoma. Alipataje kuijua haki yake?
5. Eleza mapatano matatu ya 1787 juu ya watumwa. Nani alipata faida kwa kila moja?
6. Mashine ya Whitney ilipunguza kazi ya kuchambua pamba. Kwa nini basi watumwa waliongezeka?
7. Kwa nini mabwana waliogopa mtumwa ajifunze kusoma?
8. Linganisha maneno ya Taney na ya Lincoln juu ya Tangazo.
9. Andika insha fupi juu ya methali "Usipoziba ufa utajenga ukuta," ukitoa mfano mmoja katika somo hili na mmoja katika maisha ya kijijini kwenu.